Jino la Dirishani

Jino lilitikisika Jumapili asubuhi, juu ya ukoko wa mkate. Kasuku aliacha kutafuna, akaweka kikombe chini, akaingiza kidole mdomoni polepole kama mtu anayepapasa swichi gizani. Akakitoa, akakitazama, akakirudisha tena.

"Una nini wewe?" mama yake aliuliza.

"Jino linacheza."

"Lipi?"

"Hili lililo pembeni ya kubwa. Upande wa kulia."

Baba mtu hakuinua uso kutoka kwenye simu. Mtaa mzima ulimwita Fundi Sura, kwa sababu alikuwa na studio ya picha, na hakuna sura iliyoingia mle ikatoka kama ilivyoingia. Chunusi alifuta, makunyanzi alifuta, na bwana harusi mmoja mwenye upara alimwotesha nywele mpaka mama mkwe akauliza ni bwana yupi huyo. Jina la Fundi Sura alilivaa kama suti.

"Jino la utoto hilo," alisema. "Liache lidondoke."

"Meno yake ya mbele ya utoto yalishadondoka zamani, Baba Kasuku. Hili ni la ukubwani. Likitoka halirudi."

Hapo ndipo Wifi Mkubwa aliposonya. Alikuwa dada yake Fundi Sura, na kila Jumapili alikuja kunywa chai yao na kukagua nyumba yao. Msonyo wake ulikuwa na sifa: ulianza chini, ukapanda taratibu, ukakatika ghafla kama kitambaa kinachochanwa. Jirani wa nyumba ya tatu aliweza kuusikia na kujua kwamba kuna mtu amedharauliwa, ila asijue nani.

"Meno, meno, mwaka wa pili huu nasikia meno," alisema. "Kwetu nani aliwahi kupelekwa kunyooshwa meno? Yangu mimi yamepandana kama watu kwenye foleni ya maji, na nimeolewa mara mbili."

"Na kuachwa mara mbili," Kasuku alisema nyuma ya kiganja.

Siku hizi kila alichosema alikisema nyuma ya kiganja. Jina la Kasuku alipewa alipokuwa na miaka miwili, kwa sababu aliamka akisema na kulala akisema. Sasa alikuwa na kumi na mitatu, na maneno yake yalitoka machache, yamefunikwa, kama kitu cha kuibwa.

"Unamsikia mwanao?" Wifi Mkubwa alimgeukia mdogo wake. "Huo mdomo ndio wa kunyooshwa. Meno mwachieni Mungu."

Kasuku alitaka kujibu kwa msonyo. Alikuwa nao, aliurithi kwa shangazi huyohuyo, na mama yake alishamfinya mara nyingi kwa ajili yake. Akakunja midomo, ulimi ukavuta hewa, na jino likavutwa pamoja nayo. Msonyo ulikufa njiani. Msichana alishika shavu, machozi yakamlenga.

Mama Kasuku aliona yote hayo. Mtoto wake kushindwa kusonya kulimtisha kuliko damu.

"Kesho nampeleka kwa daktari."

"Daktari yupi?" Fundi Sura aliuliza upesi mno. "Yule alishasema tusubiri."

Kweli alisema. Mwaka uliopita, Mama Kasuku alipopiga simu kwenye kliniki ya kunyoosha meno, aliambiwa foleni ni ndefu, kwa hiyo atume kwanza picha za mdomo wa mtoto, daktari aone nani wa haraka na nani wa kungoja. Fundi Sura alicheka kwa dharau. Picha? Waliziomba kwenye nyumba yenyewe. Akamkalisha binti studioni chini ya taa zake zote, akampiga, akatuma mwenyewe. Jibu likarudi kwamba meno yamejipanga vizuri, na ile picha kubwa ya kichwa, ya pande tatu, mtoto hapigwi bila sababu kwa kuwa ni mionzi. Wasubiri. Mama Kasuku hakuridhika. Alipiga tena, akaeleza kwamba mahali pa chonge la kulia bado kuna kijino kidogo cha utoto, kimeingia weusi, hakidondoki. Dada wa mapokezi akamjibu kwa ile sauti ya kuongea na mtu anayekatiza foleni: "Mama, daktari ameona picha. Wewe umeona nini ambacho yeye hakukiona?"

Alikuwa ameona mdomo wa mwanawe. Lakini hilo lilionekana si kitu.

* * *

Kadi ya bima ilikaa kwenye droo ya studio, kwa hiyo Jumatatu, wakati wa mapumziko ya mchana, Mama Kasuku alitoka kwa dobi alikopiga pasi mashati ya watu na kwenda kuifuata. Kazi yake hiyo mumewe alipenda kuifananisha na yake. Wote tunaondoa makunyanzi, alisema mbele ya wageni, ila mimi natumia akili. Wageni walicheka. Mama Kasuku naye alicheka, miaka ya mwanzo.

Dirishani alikuwepo Kasuku. Picha ilikuwa kubwa kama mlango wa kabati, fremu ya rangi ya dhahabu, mtoto anacheka kwa mdomo wote, meno yamepangana sawasawa kama vigae vya bafu jipya. Chini yake: SURA YAKO, KAZI YETU. Kasuku mwenyewe, ambaye mama yake alimpitia shuleni njiani, alivuka barabara kabla ya kufika pale, kama alivyofanya siku zote.

"Nitakungoja hapa, mama."

"Jua kali. Ingia ndani."

"Wasichana wa darasani wanapita njia hii. Wakiniona karibu naye wanasema, huyu ni nani wako, dada yako mzuri?"

Mama yake alimwacha kwenye kivuli cha duka la pili, akaingia peke yake.

Ndani kulikuwa na mteja, kondakta mwenye sikio la kushoto lililochanika zamani. Alitaka picha ya kumpelekea mchumba.

"Nitoe hilo sikio, fundi."

"Nikutoe sikio utasikilizaje ukiitwa kula?" Fundi Sura alisema, na kondakta akacheka kwa furaha ya mtu aliyetaniwa na bingwa. "Tulia. Tazama hapa."

Kwenye kompyuta alizungusha mstari kwenye sikio zima la kulia, akalinakili, akaligeuza, akalibandika kushoto. Lilikaa. Akalainisha ukingo kidogo, na kondakta akawa na masikio mawili ya kulia, na akashukuru kwa mikono miwili. Mama Kasuku alisimama nyuma yao akitazama. Alijiona kama mtu aliyesahau jiko likiwaka lakini hakumbuki ni jiko gani.

"Nataka kadi," alisema mteja alipotoka.

"Watamzungushia mtoto mashine kichwani. Mionzi ile, unaijua wewe?"

"Umeisoma mionzi. Mdomo wa mwanao umeufungua lini?"

"Mama Kasuku, daktari mzima, msomi, aliangalia picha akasema hakuna tatizo. Wewe mpiga pasi unamkosoa?"

"Jino linacheza, Baba Kasuku. Akiwa na miaka kumi na mitatu. Sikosoi mtu, nahesabu meno ya mwanangu, na sitaki kupunguza."

Alinyoosha mkono apewe kadi. Yeye akaishika kifuani.

"Kadi ina jina langu," alisema. "Nitakwenda mwenyewe."

Alidhani anakwenda kulinda kitu. Hakujua bado kwamba anakipeleka kwa miguu yake.

* * *

Dada wa mapokezi alikuwa yuleyule wa kwenye simu, na sauti ileile. Alitazama viatu vya Mama Kasuku kabla ya uso wake, akauliza kama wana miadi, akaguna walipojibu. Kwenye viti walikaa watu wenye midomo ya vyuma wakibonyeza simu. Fundi Sura alikagua picha zilizotundikwa ukutani, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba aliyezipiga hajui mwanga.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mfupi, asiye na salamu ndefu. Alimlaza Kasuku kwenye kiti, akafungua mdomo, na kabla ya kusema lolote alishika jino lile kwa mpini wa chombo chake na kulisukuma kidogo. Jino likaitikia. Akasukuma tena. Kisha akagusa kile kijino cheusi cha pembeni.

"Hiki kimekaa hapa muda gani?"

"Hakijawahi kutoka, daktari," Mama Kasuku alisema.

Daktari alivua glavu. Alimpeleka mtoto kupigwa eksirei ya kawaida, ile bapa, na picha ilipokuja akaiwasha ukutani. Hata asiyesoma aliona. Juu ya meno, ndani ya taya, chonge la kulia lilikuwa limelala kimshazari kama mlevi kwenye kochi la watu, na kichwa chake kilikuwa kimefika kwenye mzizi wa jino linalocheza.

"Hili chonge lilipaswa kushuka mahali pa kijino cheusi. Limepotea njia. Limelala juu ya mzizi wa mwenzake na nadhani linautafuna."

"Basi livuteni," Fundi Sura alisema.

"Nilivute kwenda wapi?" Daktari alielekeza kalamu kwenye mchanganyiko wa vivuli. "Picha bapa ni kama vivuli vya watu wawili ukutani. Unaona wamekutana, lakini huoni nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Nikidhani liko mbele kumbe liko nyuma, nitalivuta lipite palepale kwenye mzizi, na nitamalizia kazi lililoianza. Mtoto atabaki na pengo. Sasa sababu ya picha ya pande tatu tunayo."

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo na baridi. Kasuku alivuliwa hereni, akasimama kidevu kikiwa kwenye kishikilio, meno yameng'ata kipande cha plastiki, mikono imeshika vyuma viwili. Mtaalamu wa mionzi, kijana mwenye koti la buluu, alimwambia asimeze mate na asitikisike mpaka mkono wa mashine uzunguke kichwa wote.

"Mama, shusha bega la kushoto," Fundi Sura alimwambia binti yake kutoka mlangoni. "Legeza uso. Fikiria kitu kizuri."

Kijana aligeuka. "Mzee, unafanya nini?"

"Namweka sawa."

"Hapa hatupigi picha ya pasipoti. Toka nje, funga mlango."

Fundi Sura alitoka akasimama ukutani karibu na mke wake. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumwambia atoke kwenye chumba cha picha. Mashine ilivuma kidogo upande wa pili, ikazunguka, ikanyamaza.

"Hata taa hawana," alisema.

Mke wake hakumtazama.

* * *

Kichwa kilitokea kwenye skrini, cha kijivu, bila ngozi, bila nywele, bila haya. Daktari alikigusa kwa kipanya nacho kikageuka. Akakiinamisha, akakitazama kwa chini, akaondoa mfupa wa mbele kama anayefungua dirisha. Mama Kasuku alishika mkono wa kiti. Kichwa kile alikiogesha utosi ukiwa bado laini, unadundadunda chini ya kidole. Sasa alikitazama ndani, mizizi ya meno imepangana kama mishumaa, na aliona kile ambacho mama hapaswi kukiona mwanawe akiwa bado hai.

Kwa Fundi Sura jambo lilikuwa lingine. Alisogea mbele kwa jicho la kazi, akitafuta pa kushika. Hapakuwepo shavu la kulainisha, wala mwanga wa kuongeza. Kila upande ulikuwa upande wake wenyewe.

"Liko nyuma," daktari alisema. "Upande wa kaakaa. Tazameni hapa." Alikata picha kama anayekata mkate, slesi baada ya slesi. Kichwa cha chonge kilikuwa kimejichimbia kwenye mzizi wa jino la mbele, na mzizi ule, ambao jirani zake walikuwa na mirefu, uliishia nusu ya njia, ncha yake imemong'onyoka. "Nusu imekwenda. Hii si kazi ya mwezi mmoja. Mwaka jana mlikuwa wapi?"

"Mwaka jana tulituma picha," Mama Kasuku alisema. "Ulisema tusubiri."

Daktari alikunja uso. Akafungua faili la zamani kwenye skrini ya pili, na Kasuku wa dirishani akatokea, anacheka, vigae vya bafu. Daktari alitazama picha. Akamtazama msichana kitini. Akatazama tena picha, safari hii kwa muda, uso umesogea karibu na kioo.

"Fungua mdomo, binti." Aliwasha taa. "Chonge lako la kushoto lina baka jeupe. Dogo, kama punje ya mchele iliyokatika."

"Analo tangu lilipoota," mama alisema.

"Kwenye picha hii chonge la kulia nalo lina baka jeupe. Umbo lilelile, limegeuzwa." Aligusa skrini kwa ukucha. "Na mdomoni, upande wa kulia, chonge hakuna. Kuna kijino cheusi. Nani aliwapigia hii picha?"

Mama Kasuku alikumbuka kondakta na masikio yake mawili ya kulia, na jiko alilolisahau likajulikana ni lipi.

"Nilisafisha kidogo tu," Fundi Sura alisema. "Ni kazi yangu. Picha haiwezi kutoka kwangu ikiwa chafu. Daktari mzima anafungua picha ya mwanangu, aone kijino kimeoza? Angetudharau."

"Chafu," daktari alirudia. "Mzee, hicho ulichokisafisha ndicho ugonjwa."

Hakupaza sauti. Aligeuza kiti chake kikamwelekea Mama Kasuku, na tangu hapo hakumwambia yule mwanamume neno jingine, kana kwamba na yeye amefutwa kwenye picha.

Lakini Mama Kasuku naye alikuwa na lake. "Nilipiga simu, daktari. Nilisema kuna kijino cheusi hakidondoki. Nikaulizwa nimeona nini ambacho wewe hukukiona."

"Ulimwambia nani?"

Mama Kasuku aligeuza macho kuelekea mlango wa mapokezi, basi.

Daktari alifuata macho yake mpaka mlangoni. "Nilipaswa kumwona mtoto mwenyewe," alisema, kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu mbele ya watu. Mama Kasuku aliona ni kidogo, lakini ni zaidi ya alichowahi kupata nyumbani.

"Litatoka?" Kasuku aliuliza kitini. Kiganja kilikuwa mdomoni, neno likatoka limebanwa.

"Nitafungua kaakaa, nibandike mnyororo mdogo kwenye chonge, nilivute kwanza lirudi nyuma, liachane na mzizi. Likishaachana, ndipo nilishushe mahali pake. Mzizi uliobaki unaweza kushika. Nimeona meno yenye nusu mzizi yakizeeka mdomoni mwa wenyewe. Nimeona pia yaliyotoka. Kama ningeliona mwaka jana nisingekujibu hivi."

Msichana alishuka kitini, akasimama mbele ya baba yake. Alimtazama kuanzia viatu, kama dada wa mapokezi anavyotazama.

"Kumbe hukunileta mimi," alisema. "Ulimleta yule wa dirishani."

* * *

"Alifanya kwa mapenzi," Wifi Mkubwa alisema jioni hiyo. Habari zilikuwa zimemfikia kabla hajavua viatu. "Mtoto wa kike, atume picha ya pengo? Mdogo wangu anamtunzia mtoto heshima, nyie mnamtangaza hospitalini kama mwizi."

Mama Kasuku alikuwa akinyoosha sare ya shule. Pasi ilitoa mvuke, akaisogeza, akairudisha. Fundi Sura alikaa kwenye kona anafuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

"Wifi," Mama Kasuku alisema, "hili shati nikikupigia pasi likapendeza, na mgongoni limechanika, ukalivaa ukatoka nalo, heshima hiyo ni ya nani? Yako au ya mpiga pasi?"

"Usinifundishe kwa mashati."

"Sikufundishi. Nakuuliza."

Wifi Mkubwa alisonya, ule wake mrefu. Zamani Mama Kasuku aliposonywa aliinamisha kichwa. Leo aliungoja umalizike wote, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke, kisha akaendelea na kola.

"Sema kitu basi," Wifi Mkubwa alimwambia mdogo wake. "Unasemwa nyumbani kwako."

"Aseme nini?" Mama Kasuku alijibu badala yake. "Akisema atasafisha."

Fundi Sura aliinamia lenzi yake. Mbele ya wateja hakukosa neno hata siku moja, na sasa alikaa pale na kitambaa chake cha lenzi akionekana vile alivyokuwa: mwanamume mwenye umri, mwenye kitambi, anayeogopa kudharauliwa na watu asiowajua kiasi kwamba alikubali kumdanganya daktari wa mwanawe.

Wifi alipoondoka, Mama Kasuku alichukua simu yake aangalie saa, na picha ileile ikamchekea. Mwaka mzima aliiweka pale. Aliipenda. Aliwatumia ndugu, wakamsifia, naye akaandika asanteni. Jicho lake lilijua kabisa kwamba mdomo ule si wa mwanawe, lakini jicho halikuulizwa. Aliifuta. Mahali pake hakuweka kitu.

* * *

Kasuku alifunguliwa kaakaa, akafungwa vyuma kwenye meno na kurudi nyumbani na shavu kama andazi, na mnyororo mwembamba wa dhahabu ukining'inia ndani kama mkufu uliokatika. Kwa baba yake alisema "shikamoo" na "naam", zaidi ya hapo hakuna. Alikunywa uji, akaandika mahitaji yake kwenye simu, na kila asubuhi mama yake alimwona akiligusa jino kwa ncha ya ulimi, akisikiliza kama litajibu.

Siku moja baada ya shule walipita studio kurudisha kadi ya bima. Safari hii Kasuku hakuvuka barabara. Aliingia na mama yake akakaa kwenye kiti cha wateja, chini ya taa. Ndani kulikuwa na mwanamke na binti yake mdogo mwenye meno yaliyojitokeza mbele, aliyekuwa akiyafunika kwa mdomo wa chini kwa juhudi za kuhuzunisha.

"Fundi," yule mwanamke alisema, "nataka umtoe kama yule wa dirishani. Nimtumie baba yake huko aliko, aone mtoto wake anavyopendeza."

Fundi Sura alitazama kompyuta. Hakutazama kitini.

"Yule hayupo, mama," Kasuku alisema.

Mwanamke aligeuka. Kasuku alishusha kiganja, akafungua mdomo chini ya taa zote za baba yake: vyuma, ufizi uliovimba, mnyororo, na lile jino moja lililosimama kwa nusu mzizi.

"Ni mimi huyo," alisema. "Mpeleke mwanao akaangaliwe alivyo. Picha mpige baadaye."

Mwanamke alimtazama Kasuku, akatazama dirisha, akamtazama fundi aliyekuwa akilowa jasho, akamshika mwanawe mkono. Mlangoni alisema kitu chini chini ambacho mtu hamwambii fundi aliyemheshimu.

Jioni fremu ya dhahabu iliteremshwa. Nyuma yake, kwenye pazia jekundu, palibaki mraba ambao jua halikuufikia. Fundi Sura hakuweza kuvumilia mraba ule. Alikaa siku mbili, ya tatu akatundika picha nyingine: Wifi Mkubwa, ngozi kama ya mtoto, kidevu kimoja, meno yameachana na foleni ya maji na kusimama kila moja na heshima yake. Mtaa ulipita, ukasimama, ukauliza ni msanii gani huyo.

* * *

Mnyororo ulivutwa kidogo, ukavutwa tena. Kaakaa lilipokuwa limeshapona na Kasuku ameanza kutafuna mkate kwa upande wa kushoto, daktari alilishika jino kwa mpini wa chombo akalisukuma. Akasukuma tena. "Linashika," alisema, na hakuongeza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuongeza. Mapokezi palikuwa na dada mwingine.

Jumapili iliyofuata Wifi Mkubwa alikuja kunywa chai kama kawaida, ila amejipaka poda na kujifunga kitambaa kipya.

"Watu wamenisumbua njiani," alisema akivuta kiti. "Wanauliza, huyu malaika wa dirishani ni wa wapi? Nimewaambia ni mimi, wakacheka. Wanadhani natania."

"Wanadhani unatania," Mama Kasuku alirudia, akimimina chai.

"Picha haidanganyi, wifi."

Fundi Sura, ambaye siku hizo alikuwa akitafuta lolote la kufurahisha meza ile, aliinua simu kuwapiga wote. "Mama, geuka kidogo huku," alimwambia binti yake. "Cheka. Usijali vyuma, vyuma nitavi—"

Kasuku aliweka mkate chini. Akamtazama baba yake, akamtazama shangazi yake na poda yake, akakunja midomo, na akasonya.

Ulianza chini. Ukapanda, taratibu, bila haraka ya mtu mwenye hofu, ukapita chai na poda na simu iliyoinuliwa, ukakatika ghafla kama kitambaa kinachochanwa. Ulikuwa mrefu kuliko wa shangazi. Fundi Sura aliiteremsha simu. Wifi Mkubwa alibaki ameshika kikombe hewani, akimtazama Mama Kasuku, akingoja mtoto afinywe kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile.

Mama Kasuku alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa ameinama juu ya meza, anausoma uso wa mwanawe. Alitafuta shavu lishikwe, jicho lijikunje, machozi yalenge. Hakuona hata kimoja.

"Rudia," alisema.